Maji Ndani ya Dizeli: Kufundisha Sayansi kwa Mkasa Uliotupata

Utangulizi

Walimu wengi wanaotoka vyuoni hulalamika kwamba shule walizopangiwa hazina zana za kufundishia Sayansi. Hakuna maabara, hakuna mizani, hakuna vyombo vya vipimo. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Karibu kila kijiji kina mashine ya kusaga, pampu ya maji, pikipiki au basi lililokwama njiani, na kila kilichoharibika kina sababu iliyokiharibu. Mtoto aliyesimama kumtazama fundi akifungua injini tayari yumo katika somo la Sayansi. Anachokosa ni mwalimu wa kumwuliza maswali yaliyo sawasawa.

Tangu mwaka 1967, ilipotangazwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, walimu wa Tanzania wamehimizwa kuunganisha darasa na kazi za watu. Wengi wetu tumeutafsiri wito huo kuwa ni shamba na jembe tu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba hata hasara ya gari huweza kuunganishwa na darasa. Tutaeleza mkasa uliolipata gari la chuo chetu kwa sababu ya dizeli iliyoingia maji. Kisha tutaeleza maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo kabla ya kuufundisha, na mwisho tutatoa andalio la somo tulilolijaribu katika shule ya mazoezi pamoja na makosa yaliyojitokeza. Mkasa wenyewe hautupi sifa, wala hatukuuchagua kwa ajili hiyo.

Mkasa wenyewe

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua za masika zimekolea. Chuo chetu kiko katika nyanda za juu, mahali ambapo jua la mchana huchoma na baridi ya usiku hutaka blanketi mbili. Jumatatu ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, lori dogo la chuo lilipakia wanachuo 11 pamoja na magodoro na masanduku yao, ili liwagawe katika shule nne zilizo mbali na barabara kuu.

Siku tatu kabla ya safari, yaani Ijumaa, gari lilitiwa lita 60 za dizeli kutoka katika pipa la chuo lililowekwa kwa ajili ya jenereta. Sisi ndio tulioamua hivyo, ili kuokoa gharama ya kwenda mjini. Jumamosi dereva alikuja kutuambia kwamba taa inayoonya juu ya maji katika chujio la dizeli imewaka. Alikuwa amekwisha kuyamwaga maji ya chujio mara moja, na taa ikawaka tena. Aliomba gari lisiondoke kabla ya tangi kufunguliwa. Tulimjibu kwamba ratiba imekwisha kupelekwa katika shule, na kwamba taa za magari ya zamani huwaka ovyo.

Kilomita 14 kutoka chuoni, katikati ya mlima, gari lilipoteza nguvu. Injini ilitetema, moshi mweupe ukatoka kwa wingi, kisha ikazimika. Abiria, kwa nia njema, walimhimiza dereva aiwashe tena na tena. Baadaye fundi alituambia kwamba majaribio hayo ya mwisho yalizidisha hasara, kwa kuwa kila injini ilipozungushwa pampu ilivuta maji zaidi. Gari lilivutwa hadi chuoni, likakaa siku kumi likingoja fedha. Pampu ya dizeli ilipofunguliwa mjini, vijiti vyake vya kusukumia mafuta vilikuwa na mikwaruzo na madoa ya kutu, na nozeli mbili zilikuwa zimeharibika ncha. Gari halikutembea tena mpaka mazoezi ya kufundisha yalipokwisha. Wanachuo wa shule mbili za mbali hawakutembelewa na mkufunzi hata mara moja.

Lakini hukumu ilikuwa imetolewa kabla hata ya pampu kufunguliwa. Baadhi ya watu walisema kwamba kituo cha mafuta kimechakachua dizeli. Wengine, nao walikuwa wengi zaidi, walisema kwamba dereva ameuza mafuta na kujazia maji ili kipimo kisipungue. Hata habari ya taa iliyowaka Jumamosi iligeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake: ikasemwa kwamba alijihami mapema. Kikao cha watumishi kikaitishwa. Alipoulizwa ana lipi la kusema, dereva alijibu kwamba yeye alikwisha kusema Jumamosi.

Jinsi tulivyochunguza

Tuliomba kikao kiahirishwe kwa siku tatu. Tulichukua chupa tatu za kioo, safi na kavu. Chupa ya kwanza tuliijaza kutoka chini ya tangi la gari, ya pili kutoka chini ya pipa la chuo kwa pampu ya mkono, na ya tatu tukaijaza dizeli iliyonunuliwa siku hiyo katika kituo kilicholiuzia chuo lile pipa. Tuliziandika namba, tukaziacha zitulie usiku kucha juu ya meza, mlango umefungwa.

Asubuhi chupa ya kwanza ilikuwa na tabaka la maji lenye kimo cha kidole kimoja. Chupa ya pili ilikuwa na maji karibu nusu yake. Ya tatu ilikuwa dizeli tupu.

Hapa mwanachuo mmoja alisema, "Basi kituo hakina kosa." Tulimzuia. Chupa ya tatu ilionyesha hali ya dizeli ya siku ile tu. Haikuonyesha dizeli iliyouzwa mwezi mmoja uliopita. Ilituondolea sababu ya kukishitaki kituo, lakini haikukisafisha. Mwalimu wa Sayansi hana budi kuwazoeza wanafunzi wake kutofautisha mambo hayo mawili.

Lililokuwa wazi ni kwamba pipa lina maji. Dereva hakuwa na ufunguo wa pipa hilo. Ufunguo ulikuwa mikononi mwetu. Je, maji yalipitia wapi? Kizibo kilikuwa kimekazwa kwa spana. Tulikwenda kulitazama pipa mahali lilipokuwa, nyuma ya ghala, limesimama wima chini ya mchirizi wa paa. Juu yake, ndani ya ukingo ulioinuka, palikuwa na maji ya mvua yaliyotuama na kukizunguka kizibo. Tulipokifungua tuliona kwamba mpira wake umekauka na kupasuka.

Mwanachuo mwingine alishauri jaribio ambalo sisi wenyewe hatukuliwaza. Tulivuta maji yote yaliyokuwa chini ya pipa mpaka ikatoka dizeli tupu. Tukakirudisha kizibo na kukikaza kama kilivyokuwa. Saa tisa alasiri, pipa likiwa limepata moto wa jua, tulimimina juu yake maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Asubuhi, baada ya usiku wa baridi, tulivuta tena kutoka chini. Yalitoka maji mekundu.

Kikao kiliporudi tulikionyesha chupa hizo, na tukaeleza pipa lilikuwa chini ya uangalizi wa nani. Tulimwomba dereva radhi mbele ya watu wale wale waliomsikia akishitakiwa. Yeye ndiye aliyeturuhusu kuandika habari hii.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Mwalimu asiyejua zaidi ya anayoyafundisha hukwama katika swali la kwanza la mtoto mwerevu. Kwa hiyo yafaa ayaelewe mambo haya manne.

Jambo la kwanza ni uzito wa vimiminika. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 820 hadi 860 hivi. Vimiminika hivi havichanganyiki, na kwa kuwa maji ni mazito zaidi, hushuka chini. Bomba linalovuta mafuta kutoka katika tangi huanzia karibu na chini. Kwa hiyo maji, hata yakiwa machache, yanaweza kuvutwa kabla ya dizeli iliyo juu yake kwisha.

Jambo la pili ni jinsi injini ya dizeli inavyofanya kazi. Ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na injini yake ya kwanza iliyofanikiwa ilijaribiwa Augsburg mwaka 1897. Haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huigandamiza hewa mpaka joto lake linazidi nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inayonyunyizwa ndani huwaka yenyewe. Kazi ya kuisukuma dizeli kwa nguvu hufanywa na pampu, na kazi ya kuinyunyiza hufanywa na nozeli. Vijiti vya pampu hiyo huingia katika matundu yake kwa nafasi ya sehemu chache tu za elfu moja za milimita, hali unywele wa binadamu una unene wa sehemu 70 hivi. Katika magari mapya mgandamizo wa mafuta huweza kuzidi mara 1,500 mgandamizo wa hewa ya kawaida. Vijiti hivyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakiingia mahali pake, chuma husuguana na chuma, na gari likisimama kutu huanza. Maji yakifika katika ncha ya nozeli yenye joto kali hugeuka mvuke kwa ghafula, na nguvu ya mvuke huo huweza kuipasua ncha. Zaidi ya hayo, bakteria na kuvu huota mahali maji yanapokutana na dizeli, wakatengeneza utelezi mweusi unaoziba chujio.

Jambo la tatu ni jinsi pipa lililofungwa linavyokunywa maji. Hewa hutanuka ipatapo joto na husinyaa ipatapo baridi. Tuchukue pipa la lita 200 lililobaki nusu: lina lita 100 za hewa. Joto likishuka kutoka nyuzi 35 hadi nyuzi 15, hewa hiyo hupungua ujazo kwa lita 6 hivi. Pipa haliwezi kubaki na upungufu huo kama kizibo chake kina ufa. Litavuta hewa kutoka nje, na kama kizibo kimefunikwa na maji, litavuta maji. Ndiyo sababu mapipa ya mafuta huwekwa ndani ya banda. Likilazimika kukaa nje, hulazwa ubavu, vizibo vyake vikiwa kulia na kushoto katika mstari mmoja, chini ya usawa wa mafuta, ili mafuta yenyewe yazuie hewa na maji kupita.

Jambo la nne ni mpaka wa jaribio la chupa. Chupa huonyesha maji na uchafu. Haionyeshi mafuta ya taa yaliyochanganywa katika dizeli, kwa sababu hayo huyeyukana na dizeli na kuwa kitu kimoja, hata ukiyaacha yatulie mwezi mzima. Mafuta ya taa hulainisha kwa shida kuliko dizeli, na pampu huchakaa upesi. Zamani mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, tofauti ya bei iliwavuta wafanyabiashara wasio waaminifu. Kwa sababu hiyo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta, yaani kemikali inayotambuliwa kwa chombo maalumu, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, kwa kusudi hilo hilo. Mwalimu asimwache mwanafunzi aamini kwamba dizeli isiyo na maji ni dizeli safi.

Andalio la somo

Darasa: la Sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40. Mada: Vimiminika visivyochanganyika.

Shabaha: Mwanafunzi aweze (a) kueleza kwa nini maji hukaa chini ya mafuta, (b) kuonyesha kwa jaribio kwamba hewa husinyaa inapopoa, (c) kutofautisha alichokiona na anachokidhani.

Zana: Chupa ndogo zinazopenyeza nuru, mafuta ya kula, maji yaliyotiwa rangi, chupa tupu za soda, sahani, na maji ya moto ya kiasi. Mwalimu awe na robo lita ya dizeli iliyochanganywa na maji ndani ya chupa iliyofungwa kwa nguvu, nayo isifunguliwe darasani. Wanafunzi watumie mafuta ya kula, ambayo nayo huelea juu ya maji.

Hatua ya kwanza: Masimulizi (dakika 10). Mwalimu asimulie mkasa wa gari mpaka mahali lilipozimika mlimani, na akome hapo. Asitaje kwamba ni maji. Ataje dalili tu: kupungua nguvu, kutetema, moshi mweupe, kuzimika.

Hatua ya pili: Makisio (dakika 15). Ubao ugawanywe sehemu mbili, upande mmoja "Tumeona" na upande wa pili "Tunadhani". Kila kisio la mwanafunzi liandikwe, hata lile linaloonekana la kipuuzi. Kisha darasa liulizwe: kisio hili tutalipimaje?

Hatua ya tatu: Jaribio la chupa (dakika 20). Wanafunzi, katika vikundi vya watano au sita, watie maji ya rangi na mafuta ya kula katika chupa, wafunge, watikise, kisha waiweke mezani na kutazama. Waambiwe wachore wanachokiona baada ya dakika moja na baada ya dakika tano. Hapo ndipo mwalimu atoe chupa yake ya dizeli na kuuliza: "Maji yako wapi? Bomba la gari huvuta kutoka wapi?"

Hatua ya nne: Chupa inayokunywa maji (dakika 20). Chupa ya soda ichovywe katika maji ya moto kwa dakika chache huku mdomo wake uko juu ya maji hayo. Kisha igeuzwe upesi, mdomo wake ukae ndani ya sahani yenye maji ya rangi. Inapopoa, maji hupanda shingoni mwa chupa. Wanafunzi waulizwe: nani aliyeyasukuma? Baadaye walinganishe chupa hii na pipa lililosimama nje usiku.

Hatua ya tano: Kurudi ubaoni (dakika 15). Darasa liyapitie makisio yote. Yaliyokataliwa na jaribio yafutwe, yaliyothibitishwa yahamishiwe upande wa "Tumeona", na yale ambayo hayakupimwa yaachwe mahali pake. Wanafunzi waandike sentensi tatu katika madaftari yao: nilidhani nini, niliona nini, sasa nasema nini.

Makosa yaliyojitokeza

Somo hili lilifundishwa mara tatu na walimu wanafunzi watatu. Mara ya kwanza mwalimu alianza kwa kusema, "Leo tutajifunza jinsi maji yalivyoharibu gari." Baada ya sentensi hiyo hapakuwa na la kukisia. Wanafunzi walifanya jaribio kwa utiifu, wakingoja kengele.

Mara ya pili kosa lilikuwa zito zaidi. Mwanafunzi mmoja alisema, "Dereva ni mwizi, aliuza mafuta." Darasa lilicheka, na mwalimu akacheka nalo, akaendelea. Katika mahojiano baada ya somo tulimwuliza angefanya nini kama dereva huyo angekuwa baba wa mmoja wa watoto wale. Kisio la namna hiyo lisizuiwe, maana hata watu wazima katika kikao chetu walilitoa. Lakini liandikwe upande wa "Tunadhani", na aliyelitoa aulizwe kwa upole, "Umeona nini kinachokuonyesha hivyo?" Mara ya tatu kisio lile lile lilitoka, swali hilo likaulizwa, na mtoto akanyamaza kidogo kisha akajibu, "Sijaona kitu, nimesikia tu." Jibu hilo lilikuwa la thamani kuliko majibu yote sahihi ya siku ile.

Kosa la tatu lilikuwa la muda. Mwalimu aliharakisha kurudi ubaoni kwa dakika tatu, kwa hiyo makisio ambayo hayakupimwa yalifutwa pamoja na yaliyokataliwa. Mwanafunzi akitoka hapo ataamini kwamba jambo lisilothibitishwa ni jambo la uongo. Ni heri kupunguza masimulizi kuliko kupunguza hatua ya mwisho.

Tunaongeza onyo moja. Usitumie darasani mkasa wa mtu anayejulikana kijijini bila ridhaa yake. Somo likigeuka baraza, Sayansi hutoka nje.

Tahadhari kwa mwalimu na kwa mwenye gari

Petroli isitumike kabisa katika majaribio haya, maana mvuke wake hushika moto kwa urahisi. Dizeli nayo iwekwe mbali na moto na mikono ioshwe kwa sabuni. Wanafunzi waelezwe waziwazi kwamba kuvuta mafuta kwa mdomo kwa kutumia mpira ni hatari ya kufa: mafuta yakiingia katika mapafu huyaunguza. Aliyemeza mafuta asitapishwe, bali apelekwe hospitali mara moja. Mabaki ya dizeli yasimwagwe shimoni wala mtoni.

Huenda mwalimu akawa karibu na gari, jenereta au mashine ya kusaga iliyotiwa dizeli yenye maji. Kama injini haijawashwa, isiwashwe. Kama inakwenda na taa ya maji imewaka au moshi mweupe umeanza, izimwe hapo hapo. Tangi limwagwe lote kutoka chini na lisafishwe, mabomba yasafishwe, chujio libadilishwe, kisha fundi atoe upepo katika njia ya mafuta kabla ya kuwasha. Kama mafuta yamenunuliwa kituoni, stakabadhi itunzwe, na chupa moja ya mafuta hayo ifungwe na kuandikwa tarehe mbele ya shahidi, kabla ya lawama yoyote kutolewa. Kazi ya kumwaga tangi na kubadili chujio ni ya siku moja. Sisi tuliikataa siku ile ya Jumamosi, na gharama ya pampu na nozeli ikazidi bei ya dizeli yote iliyokuwa ndani ya pipa.

Maswali ya kujadili

1. Chagua kifaa kimoja kilichoharibika katika kijiji ulichofanyia mazoezi ya kufundisha. Andika dalili zake bila kutaja sababu, kama zitakavyosimuliwa katika hatua ya kwanza.

2. Pipa la lita 200 lina dizeli lita 50. Je, usiku litavuta hewa nyingi au chache kuliko pipa lenye lita 150? Andaa swali hili liwe la Hisabati kwa Darasa la Sita.

3. Dizeli iliyotulia katika chupa haikuonyesha maji. Mwanafunzi anasema, "Basi ni safi." Utamwuliza nini?

4. Dereva wetu alitoa taarifa siku mbili kabla ya gari kuharibika, na hakusikilizwa. Katika darasa lako, ni mwanafunzi wa namna gani ambaye taarifa yake haisikilizwi? Eleza utafanya nini ili asikilizwe.